Katibu, Hilo Liandike: Barua ya Wazi kwa Wadhamini wa Shule

Ndugu Wenyeviti, ndugu Wajumbe wa bodi za wadhamini wa shule,

Nawaandikia nikiwa mtu aliyekaa pembeni ya meza kama yenu kwa miaka tisa. Nilikuwa katibu wa vikao katika udhamini mmoja unaoendesha shule. Sikuwa na kura, na bila kuulizwa sikuwa na ruhusa ya kusema. Kazi yangu ilikuwa kutuma makabrasha, kuhesabu akidi, kuandika yaliyosemwa na kuyarudisha mezani kikao kinachofuata ili mwenyekiti atie sahihi. Mtu anayekalia kiti kile husikia mengi, na huona mengi zaidi. Huona, kwa mfano, ni nani amekuja na bahasha ambayo gundi yake haijaguswa.

Sauti ya bahasha zikichanwa mwanzoni mwa kikao naijua vizuri mno. Nilikuwa nazituma siku kumi kabla. Ndani kulikuwa na taarifa ya mkuu wa shule, taarifa ya fedha, muhtasari wa kikao kilichopita, na mara nyingine barua za wazazi. Wajumbe wakifika wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, wanakaa, halafu bahasha zinachanika moja baada ya nyingine huku mwenyekiti akifungua kikao kwa sala. Kurasa arobaini zinasomwa kwa mara ya kwanza wakati ule ule zinapotakiwa kuamuliwa. Hakuna binadamu anayeweza kazi hiyo. Kwa hiyo haifanyiki, na mimi naandika: “Wajumbe waliipokea taarifa.”

Nilipokuwa nakabidhi ofisi nilikaa siku mbili na majalada yote ya miaka tisa. “Wajumbe waliipokea taarifa.” “Wajumbe walimpongeza mkuu wa shule.” “Wajumbe waliridhia.” Neno “aliuliza” ningeweza kulihesabu kwa vidole, na mara nyingi lilihusu tarehe ya mahafali. Niliyafunga majalada yale nikiwa na uzito ambao sijautua mpaka leo, ndiyo sababu ya barua hii.

Ninalowaomba ni jambo moja. Ulizeni. Ulizeni ndani ya kikao, na swali liandikwe.

Nieleze lililotokea ili msidhani nazungumzia adabu za vikao tu. Jioni moja tulifika ajenda namba sita, Taarifa ya Fedha. Mhasibu alisoma, akamaliza, akakunja miwani. Mwenyekiti akasema kama ilivyokuwa desturi, “Wajumbe, tunaipokea?” Mjumbe mmoja, mama aliyechaguliwa na wazazi, tena akiwa kwenye kikao chake cha tatu tu, alifunua ukurasa wa 14 akaweka kidole juu ya mstari. “Samahani, Mwenyekiti. Hapa pameandikwa Mfuko wa Maktaba. Mwaka jana ulikuwa mzima, leo imebaki theluthi. Na leo mchana nimepita pale, halijawekwa hata tofali moja. Hizi fedha zimekwenda wapi?”

Hakuna aliyekohoa. Mhasibu alimtazama mkuu wa shule, mkuu wa shule akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatabasamu, na nasema kwa haki kwamba lilikuwa tabasamu la mtu mpole, akamjibu: “Mama, hilo ni suala la kiutendaji. Tutalizungumza nje ya kikao.” Kisha akanigeukia. “Katibu, hilo usiliandike.”

Sikuliandika.

Fedha zile hazikuibwa. Wengi wakisikia habari kama hii hutafuta mwizi, na mwizi asipopatikana husema basi mambo ni shwari. Zilikuwa zimelipa mishahara ya miezi miwili shule ilipopungukiwa. Lakini zilitolewa na familia moja kwa ajili ya maktaba, na zilitolewa kwa maandishi. Fedha yenye sharti haihamishwi kwa nia njema. Huhamishwa kwa ridhaa ya aliyeitoa au kwa njia ambayo sheria imeweka, na kwingine kokote ni kuvunja amana hata kama kila senti imekwenda kwa mwalimu anayestahili. Siku ile ya swali, mambo yalikuwa bado yanarekebishika: barua moja ya ukweli kwa familia ile, na mpango wa kurudisha kidogo kidogo. Mkaguzi wa nje aliliona shimo miezi kumi na sita baadaye, likiwa limemeza ile theluthi iliyobaki. Familia ikasitisha mchango wa awamu ya pili. Yule mama hakuomba muhula mwingine. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka ule walimaliza shule wakisomea vitabu kwenye korido.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini wajumbe wengine, watu wazima wenye heshima zao, wenye biashara na ofisi zao, walinyamaza. Nawafahamu. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja aliwahi kuniambia ngazini tukiwa tunashuka kwamba naye aliuona mstari ule, ila aliona haya kuonyesha kwamba hasomi vizuri mahesabu. Mwingine aliletwa kwenye bodi na mwenyekiti mwenyewe, rafiki wa miaka mingi, na kumuuliza rafiki swali gumu mbele ya watu aliona ni kumvua nguo. Wa tatu alimwamini mkuu wa shule, na kwa kweli mkuu yule alistahili kuaminiwa kwa mengi. Wengine walikuwa wamechoka tu, kikao kimeanza saa kumi na moja baada ya kazi, na swali moja linaongeza nusu saa. Haya, woga, urafiki na uchovu. Kila kimoja ni kidogo na kila kimoja kinaeleweka. Vikikaa pamoja kwenye meza moja, maktaba haijengwi.

Na hapo nadhani kuna jambo ambalo hatujalielewa kuhusu neno lenyewe. Kiswahili kimetupa neno moja, mdhamini, na sisi tumelipa kazi tatu. Yupo mdhamini wa mahakamani, anayeweka jina lake ili mshtakiwa atoke, na mshtakiwa akitoroka anatafutwa yeye. Yupo mdhamini wa mkopo, anayetia sahihi chini ya sahihi ya mkopaji, na mkopaji akishindwa hodi inapigwa nyumbani kwake. Halafu yupo mdhamini wa mpira, ambaye jina lake linaandikwa kifuani mwa jezi. Timu ikishinda anapiga picha. Timu ikifungwa, hajafungwa yeye. Nimeona bodi nyingi ambazo wajumbe wake ni wadhamini wa aina hii ya tatu. Majina yao yamepangwa kwenye ukuta wa mapokezi, yamechapwa kwenye kadi za mahafali, yanasomwa na mshereheshaji. Lakini hati ya udhamini iliyoanzisha shule haizungumzii jezi. Inazungumzia mtu anayeshika mali isiyo yake, kwa faida ya mtu mwingine, na anayeweza kudaiwa hesabu yake.

Na huyo mtu mwingine ni nani? Ni mtoto. Hana kura kwenye bodi yenu. Hawezi kwenda mahakamani mwenyewe. Hajui hata kwamba kuna hati. Mwenye hisa wa kampuni akiona mambo yanaharibika anauza hisa zake akaondoka, lakini mtoto wa darasa la tatu hana cha kuuza, na mwaka wa darasa la tatu haurudiwi kwa ajili ya makosa ya bodi. Ukimya wenu unaangukia kichwa ambacho hakiwezi kujitetea, na ndiyo maana naona ni mzito kuliko ukimya wa mkurugenzi yeyote wa kampuni.

Msidhani kwamba haya ni ya udhamini mdogo usio na wataalamu. Soma habari za Hawaii, jimbo la visiwa la Marekani. Binti wa kifalme Bernice Pauahi Bishop alifariki mwaka 1884 bila kuacha mtoto. Katika wosia wake aliagiza ardhi yake isimamiwe na wadhamini watano, na mapato yake yajenge na kuendesha shule. Shule hizo, zinazoitwa Kamehameha, zilianza mwaka 1887. Ardhi ile ikapanda thamani mpaka udhamini ukawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wadhamini hao watano walikuwa kila mmoja akipokea zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Waliokuwa wakiwateua ni majaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Kwa maneno mengine, palikuwa na wasomi, mawakili, wanasiasa wazoefu, na macho ya watu wakubwa kabisa. Hata hivyo walimu na wazazi walilalamika kwamba mdhamini mmoja alikuwa anaingilia uendeshaji wa shule mpaka vitu vidogo vidogo, na kwa muda mrefu waliopaswa kumzuia hawakumzuia.

Mei 1997 wahitimu, wazazi, wanafunzi na walimu waliandamana. Walianzia kwenye makaburi ya kifalme alikozikwa Pauahi, wakatembea hadi ofisi za wadhamini. Mimi nikiisoma habari hiyo husimama hapo. Walikwenda kwanza kwa mwenye mali, aliyekufa zaidi ya miaka mia moja nyuma, ndipo wakaenda kwa washika mali. Agosti mwaka huo huo watu watano wanaoheshimika visiwani, akiwemo jaji na aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya wasichana ya Kamehameha, walichapisha makala ndefu gazetini wakieleza jinsi udhamini ulivyoharibika. Serikali ikachunguza. Mamlaka ya kodi ya Marekani ikatishia kuufutia udhamini msamaha wa kodi iwapo wadhamini wale wangebaki. Kufikia mwisho wa 1999 wote watano walikuwa wametoka.

Maswali waliyoulizwa mahakamani mwaka 1999 yangeweza kuulizwa mezani miaka mingi kabla, na yeyote kati yao. Tunalipwa kiasi gani, na nani amepima kwamba kinastahili? Huyu mwenzetu ana madaraka gani pale shuleni, na tulimpa lini? Yalikuwa maswali ya sentensi moja moja.

Mfano mwingine ni wa Pennsylvania, jimbo jingine la Marekani, na huu naona una haki pande zote. Milton Hershey na mkewe Catherine, nao hawakuwa na watoto, walianzisha shule ya yatima mwaka 1909 kwa hati ya udhamini. Mke alipokwisha kufariki, mwaka 1918 mume akaukabidhi udhamini ule hisa zake za kampuni ya chokoleti. Mwaka 2002 wadhamini waliamua kutafuta mnunuzi wa kampuni hiyo. Hoja yao ya kifedha haikuwa ya kipuuzi. Sehemu kubwa ya mali ya shule ikikaa kwenye kampuni moja, siku kampuni hiyo ikianguka shule nayo imeanguka. Lakini wahitimu, wafanyakazi na wakazi wa mji wa Hershey walizipata habari hizo magazetini. Wakasimama, mwanasheria mkuu wa jimbo akaenda mahakamani, mahakama ikazuia, na Septemba bodi ikaachana na mpango wenyewe. Wajumbe kadhaa wakaondoka baadaye. Kama wangeulizana wao kwa wao, “Ni nani hasa anayeguswa na uamuzi huu, na amesikia kutoka kwetu au kwa mtu mwingine?”, pengine wangefika mahali pengine kabisa.

Najua wapo watakaonijibu kwamba wao wanafuata hati neno kwa neno na hiyo inatosha. Haitoshi. Stephen Girard, tajiri wa Philadelphia aliyefariki mwaka 1831, aliacha mali ya kujenga shule ya wavulana yatima maskini, na akaandika kwamba wawe weupe. Wasimamizi wa shule hiyo, na baadaye bodi ya wadhamini, walilinda neno hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema bodi ile, kwa kuwa ilikuwa chombo cha dola, haiwezi kuwakataa watoto kwa sababu ya rangi. Kilichofuata kinaniumiza kila nikikikumbuka: wadhamini wa umma wakabadilishwa, wakawekwa wadhamini binafsi, ili neno la marehemu liendelee kusimama. Mwaka 1965 watu waliandamana kwa miezi kuzunguka ukuta wa shule ile, na Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono. Wavulana weusi wa kwanza waliingia mwaka 1968. Miaka kumi na moja ilitumika kuutunza ukuta. Mdhamini anayejua kusoma hati lakini hajui kuuliza hati hii inamtumikia mtoto gani, ameshika karatasi tu.

Sasa niseme la kazi.

Taarifa ya fedha msiisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Nendeni moja kwa moja kwenye jedwali la bajeti na matumizi halisi, mtafute palipo na tofauti kubwa, muulize sababu. Halafu ulizeni fedha zenye masharti zipo kiasi gani na zimekaa akaunti gani. Halafu ulizeni shule ikikosa mapato leo inaweza kuishi miezi mingapi. Haya matatu hayahitaji cheti cha uhasibu, na yule mjumbe aliyeniambia ngazini kwamba ana haya, angeweza kuuliza yote matatu. Na msisubiri mwisho wa mwaka. Uingereza, kwenye shule zinazoitwa akademi ambazo huendeshwa na udhamini, kanuni inamtaka mwenyekiti apelekewe hesabu za kila mwezi, na wajumbe wengine wazipate mara sita kwa mwaka. Kule pia orodha ya maslahi ya wadhamini huwekwa kwenye tovuti, mzazi yeyote aisome akiwa kitandani kwake. Sioni bodi yoyote popote inayoweza kusema jambo hilo ni kubwa mno kwake.

Kuhusu maslahi binafsi nitakuwa mkali, mnisamehe. Kutangaza maslahi kusiwe wimbo wa mwanzo wa kikao. Nimeandika mara nyingi, “Hakuna mjumbe aliyetangaza maslahi,” na kwenye ajenda namba tisa zabuni ikaenda kwa shemeji ya mtu. Mwenye maslahi aseme, ainuke, atoke nje ya chumba. Kukaa kimya pale pale kwenye kiti hakutoshi, kwa sababu wenzake wanamwona, na hakuna anayetaka kumkatalia mtu anayemtazama usoni. Katibu aandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Mwaka 1995 kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Jaji Nolan ilitaja misingi saba ya watu wenye dhamana za umma, na wa kwanza kabisa ulikuwa kutojinufaisha. Nadhani hawakuupanga wa kwanza kwa bahati.

Usalama wa watoto ndipo ninapowasihi kwa sauti ya juu kuliko pote. Kwenye bodi nyingi jambo hili huwa ni aya moja ndani ya taarifa ya mkuu wa shule: “Hakukuwa na tukio.” Swali la kuuliza hapo ni hili: mtoto akiumizwa na mtu mzima wa shule hii, anamwambia nani, na habari inafikaje kwetu bila kupita kwa huyo huyo mtu? Kama njia pekee ya malalamiko inaanzia na kuishia mlangoni kwa mkuu wa shule, basi hamjui kama hakukuwa na tukio. Mnajua tu kwamba hakuna lililowafikia. Mteueni mjumbe mmoja ambaye jina lake na namna ya kumpata vinajulikana na kila mtoto na kila mfagizi wa shule. Kisha mwulizeni kila kikao, na jibu lake liandikwe hata kama ni “hakuna”.

Kuuliza hakumaanishi kuendesha. Nimeona pia mjumbe anayekuja shuleni kila wiki, anaingia darasani, anamsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi, anamwagiza mhasibu amlipe fulani. Huyo naye ameacha kazi yake akachukua ya mwingine. Mkuu wa shule ndiye anayeendesha. Ninyi mnaweka mwelekeo, mnamwajiri na kumpima, mnalinda mali, mnajibu mbele ya umma. Jambo la kufurahisha ni kwamba wakuu wa shule wazuri hupenda bodi inayouliza. Mmoja aliniambia, bila mwingine kusikia, kwamba kikao kisicho na maswali humfanya alale vibaya, kwa sababu anajua mzigo wote umerudi naye nyumbani.

Na tafadhali, ondokeni muda ukifika. Kiti cha mdhamini kikikaliwa miaka ishirini huanza kuitwa kwa jina la mkaaji. Mkitafuta wapya, msitafute majina ya kupendezesha kadi. Wakili maarufu asiyehudhuria ana faida gani kwa shule? Tafuteni anayesoma makabrasha. Mpeni hati ya udhamini, mpeni mihtasari ya miaka mitatu, mketi naye, kisha mwambieni wazi kwamba anatarajiwa kuuliza. Yule mama wa ukurasa wa 14 hakuwahi kuambiwa hivyo. Alifanya kwa dhamiri yake, nasi tukamfanya ajione amekosa adabu.

Najua hamlipwi, wengi wenu. Najua mnaacha familia zenu jioni, mnatoa mafuta ya gari yenu, na shukrani zenyewe ni chache. Nimewaona wadhamini waliouza vitu vyao ili shule isifungwe, na mmoja aliyekuwa akisoma kila karatasi kwa miwani ya kukuza, herufi kwa herufi, akiwa na miaka zaidi ya sabini. Kwa ajili ya watu kama hao ndiyo maana naandika kwa upendo. Lakini aliyejitolea kubeba mtoto wa mtu mtoni hawezi kusema, katikati ya maji, kwamba halipwi.

Nami nina deni. Mwenyekiti aliniambia nisiandike, nikatii, na utii ule ulikuwa makosa yangu. Muhtasari wa kikao kile bado upo kwenye jalada ukiwa na sahihi mbili, yake na yangu, nao unasema wajumbe waliipokea taarifa. Siwezi kuubadilisha. Naweza tu kuweka hapa, mbele yenu, kile nilichopaswa kuandika:

“Ajenda Na. 6: Taarifa ya Fedha. Mjumbe mwakilishi wa wazazi aliuliza sababu ya Mfuko wa Maktaba kupungua hadi theluthi ilhali ujenzi haujaanza. Mhasibu alieleza kuwa fedha hizo zililipa mishahara ya miezi miwili. Kikao kilielezwa kuwa ridhaa ya mtoaji haikuombwa. Kikao kiliagiza mtoaji aandikiwe barua ya maelezo ndani ya siku saba, na Kamati ya Fedha ilete mpango wa kurejesha fedha hizo kwenye kikao kijacho. Utekelezaji: Mwenyekiti na Mhasibu. Mjumbe aliyeuliza alishukuriwa.”

Wenu katika utumishi,

Aliyekuwa katibu wa vikao